Panya wa Maabara, Gunia la Mahindi na Ini Letu

(Mada iliyotolewa na mratibu wa afya wa shirika letu katika semina ya kamati za afya na maendeleo za parokia, Sigino, Babati. Inachapishwa kwa ombi la wajumbe na kwa faida ya wafadhili wetu.)



 

Mada niliyopewa ni ugonjwa wa ini na jinsi wataalamu wanavyoutafiti. Najua baadhi yenu mliposikia kwamba nitazungumzia panya mlicheka. Hapa Sigino panya tunamjua kama adui wa ghala. Lakini Watanzania tumeshaanza kuzoea habari za panya wanaosaidia binadamu. Kule Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kutambua wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini iliwakosa. Panya nitakayemzungumzia leo ni mwingine. Ni yule mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, ambaye ndani ya tumbo lake limekuzwa ini la binadamu.

Nitaeleza kwa nini wataalamu walifika huko, wamejifunza nini, na kwa nini mambo hayo yanagusa uji wa watoto wetu wa chekechea, sadaka zetu za mavuno na bajeti tutakayoipitisha mchana huu.

1. Ini na adui zake wawili

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kila tunachokula na kunywa hupitia kwake. Linachuja sumu, linatunza nguvu ya chakula, linatengeneza nyongo na vitu vinavyogandisha damu tunapojikata. Ini ni kiungo kivumilivu. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya ini lake na bado akalima, akachota maji na kucheza ngoma. Ndiyo maana ugonjwa wa ini unapojionyesha kwa macho ya manjano, tumbo kujaa maji au kutapika damu, mara nyingi muda umekwisha kwenda.

Adui wa kwanza ni virusi vya homa ya ini, hasa aina ya B. Tafadhali tusichanganye na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wapatao milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi vya homa ya ini B, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Zaidi ya nusu ya maambukizi mapya hutokea katika bara letu la Afrika.

Adui wa pili hatoki kwa mtu. Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Huyu nitamrudia.

2. Kwa nini panya?

Virusi vya homa ya ini B vina tabia ya ajabu. Haviwezi kuishi katika ng'ombe, mbuzi, kuku wala panya wa kawaida. Vinataka ini la binadamu. Kwa miaka mingi mnyama aliyefaa kwa utafiti huu alikuwa sokwe mtu, kwa kuwa mwili wake uko karibu sana na wetu. Baada ya Baruch Blumberg na wenzake kugundua alama ya kirusi hicho katika damu, taarifa iliyochapishwa mwaka 1965, chanjo ilitafutwa na kujaribiwa kwa sokwe kabla ya kupewa watu. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na chanjo ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Sokwe walitusaidia, lakini kwa gharama kubwa kwao. Walifungiwa katika vizimba kwa miaka. Sisi Watanzania tuna sababu ya kulielewa jambo hili, kwa sababu ni huku kwetu Gombe, Kigoma, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 na kuionyesha dunia kwamba sokwe hutumia vifaa, hulea watoto kwa mapenzi na huomboleza wafu wao. Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kuwatetea sokwe wa maabara. Mwaka 2015 taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani ilitangaza kwamba haitatumia tena sokwe.

Basi swali likawa hili: kama sokwe hawatatumika, na panya wa kawaida haambukizwi, dawa mpya zitajaribiwa wapi kabla ya kumfikia mgonjwa?

3. Ini la binadamu linavyokuzwa ndani ya panya

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza kwamba wamefanikiwa kumpa panya seli za ini la binadamu na kumwambukiza homa ya ini C. Mwaka huo huo watafiti wa Ujerumani walieleza kazi inayofanana kwa homa ya ini B. Baadaye Wajapani wa Hiroshima na Wamarekani wa Oregon waliboresha njia hiyo.

Panya huyu huzaliwa na kasoro mbili ambazo wataalamu wamezipanga katika jeni zake. Kwanza, seli za ini lake mwenyewe ni dhaifu na zinakufa. Pili, kinga yake ya mwili haifanyi kazi, kwa hiyo haiwezi kukataa kitu kigeni. Kisha hudungwa seli za ini la binadamu, mara nyingi katika wengu, nazo husafiri na damu hadi kwenye ini. Mnajua shamba lililopaliwa vizuri: mbegu mpya inapata nafasi na kutanda. Ndivyo seli za binadamu zinavyojaza mahali palipoachwa wazi. Baada ya wiki kadhaa, zaidi ya asilimia 70 ya ini la panya huyo linaweza kuwa la binadamu. Bado ni panya. Hafikiri kama mtu wala hana sura ya mtu. Kilicho cha binadamu ni seli za kiungo kimoja.

4. Mafunzo matatu

Fundisho la kwanza ni kwamba kirusi kina mlango wake. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing, China, wakiongozwa na Wenhui Li, waligundua mlango ambao homa ya ini B hupitia kuingia katika seli. Ni protini ambayo kazi yake ya kawaida ni kupitisha chumvi za nyongo. Ndiyo maana kirusi hiki kinalenga ini. Watafiti wa Ujerumani walikuwa tayari wana dawa inayoziba njia hiyo, na waliijaribu katika panya wenye seli za ini la binadamu. Ilizuia maambukizi. Dawa hiyo, inayoitwa bulevirtide, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2020 kwa wagonjwa wa homa ya ini D, kirusi ambacho hakiwezi kusambaa bila kubebwa na kile cha B.

Fundisho la pili ni kwamba kirusi hujificha. Ndani ya kiini cha seli ya ini, homa ya ini B huacha nakala yake kama mwizi aliyechonga ufunguo wa akiba. Dawa zilizopo, kama tenofovir ambayo pia hutumika katika tiba ya VVU, huzuia kirusi kuzaliana na huokoa ini, lakini kwa kawaida haziondoi nakala hiyo. Ndiyo maana mgonjwa aliyeanzishiwa dawa asiache kwa sababu tu anajisikia nafuu, na ndiyo maana tujihadhari na mtu anayetangaza sokoni kwamba ana chupa inayomaliza homa ya ini B kwa wiki mbili. Kwa homa ya ini C habari ni njema zaidi: dawa za vidonge huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa kawaida katika miezi miwili au mitatu.

Fundisho la tatu ni kwamba kirusi kinaweza kukaa kimya. Panya hawa, wasio na askari wa mwili, huishi na virusi vingi mno bila ini kuharibika sana. Hii inathibitisha kwamba kwa binadamu uharibifu mwingi hufanywa na askari wetu wenyewe wanapopigana na seli zilizoingiliwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka ini linajaa makovu. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake ana askari wachanga, hawapigani. Kwa hiyo kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hubaki na kirusi maisha yao yote. Kwa mtu mzima mwenye afya ni chini ya 1 kati ya 20. Tukiyaelewa hayo tutaelewa kwa nini vita hii inashindwa au kushindikana katika chumba cha kujifungulia.

Niongeze kwamba panya hawa hawawezi kutueleza kila kitu. Kwa kuwa hawana kinga, hawafai kupimia chanjo, na makovu ya ini hayaonekani kwao kama kwetu. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kumpa panya mmoja ini na kinga ya binadamu kwa pamoja.

5. Gunia la mahindi

Sasa turudi kwenye ghala. Nimesikia watu wakisema, "Haya mahindi panya wameyala na hawajafa, basi ni salama." Ndugu zangu, kauli hiyo ni ya hatari. Panya mdogo wa nyumbani ana kimeng'enya chenye nguvu katika ini lake kinachofanya sumukuvu isimdhuru kirahisi. Binadamu hana kinga ya namna hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walieleza jinsi sumu hiyo ilivyoumiza seli za ini la binadamu zilizokuwa ndani ya panya. Seli zetu zikiwekwa ndani ya panya, bado zinaumia kama zetu.

Hatuhitaji hata kwenda Japani. Mwaka 2004 majirani zetu wa Kenya, maeneo ya Makueni, Kitui na wilaya za jirani, walipata wagonjwa 317 wa sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha mambo mawili. Wagonjwa wengi walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Na walionekana kuwa na virusi vya homa ya ini B mara nyingi kuliko majirani zao ambao hawakuugua.

Mwaka 2016 ikawa zamu yetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ikiwemo Wilaya ya Kiteto ndani ya mkoa wetu huu, watu 68 waliugua na 20 walikufa. Macho ya manjano, matumbo kuvimba, kutapika. Wapo waliodhani ni kulogwa. Uchunguzi ukaonyesha ni mahindi, mengi yakiwa ya kaya zenyewe.

Hayo ni madhara ya haraka. Madhara ya polepole ni saratani ya ini. Huko Shanghai, China, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa, na taarifa zikachapishwa miaka ya 1990. Ukilinganisha na mtu asiye na lolote, aliyekuwa na dalili ya sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi. Mwenye homa ya ini B peke yake, mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Hawa adui wawili wakikutana katika ini moja hawajumlishi madhara yao, wanayazidisha.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja. Jicho halioni hilo, wala ulimi hauonji. Kuchemsha hakuiondoi, na kupika pombe hakuiondoi. Ng'ombe wa maziwa akilishwa mahindi hayo, sehemu ya sumu huingia katika maziwa anayokunywa mtoto.

6. Swali la dhamiri

Baadhi yenu mliniuliza wakati wa chai: je, ni halali mbele ya Mungu kuweka seli za mtu ndani ya mnyama? Swali hili ni zito na linastahili jibu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417 na 2418, inafundisha kwamba majaribio kwa wanyama yanakubalika kimaadili yakiwa ndani ya mipaka ya busara na yakisaidia kutibu au kuokoa maisha ya watu, na kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha utu wa binadamu. Kwa hiyo mtafiti Mkristo ana wajibu wa kutumia wanyama wachache iwezekanavyo na kupunguza maumivu yao.

Lingine ni seli zinatoka wapi. Kwa panya wenye ini la binadamu, seli za ini zinaweza kutoka kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wakaridhia kipande kilichokatwa kitumike, au katika maini yaliyotolewa kwa ajili ya kupandikizwa yakaonekana hayafai. Hapo sioni kikwazo. Lakini sitawaficha kwamba baadhi ya panya waliopewa kinga ya binadamu wametengenezwa kwa tishu za mimba zilizotolewa. Kanisa limeeleza msimamo wake katika hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008: mtafiti anapaswa kujitenga na uovu huo. Ipo njia nyingine, ya kutumia damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa salama. Wafadhili wetu wanaochangia utafiti huko kwao wana haki ya kuuliza swali hili na kudai jibu.

Kwa mgonjwa wa Sigino, hata hivyo, kumeza dawa aliyoandikiwa na daktari si dhambi. Asikose tiba kwa hofu ya jambo ambalo hakulitenda wala hakuliamua.

7. Tufanye nini hapa Sigino?

Ndugu wajumbe, elimu isiyogeuka kuwa kazi haina faida. Napendekeza mambo matano.

*Kwanza, mahindi ya sadaka na ya uji.* Nisemeje hili bila kumuumiza mtu? Tuna desturi ya kuchambua mahindi baada ya mavuno. Mazuri tunauza, ya kati tunakula, na yale yaliyoota ukungu tunasema yaende kwenye pombe, kwa kuku, au kwa maskini. Wakati mwingine huishia katika gunia la sadaka, na gunia hilo ndilo linalosagwa uji wa chekechea. Mtoto wa miaka minne anakunywa uji huo kila siku ya shule. Naomba kamati ipitishe azimio kwamba mahindi na karanga zenye ukungu hazitapokelewa kanisani, hata kwa nia njema, na zikikutwa zitafukiwa mbele ya mashahidi kwa ushauri wa afisa ugani. Tusimpe Mungu, wala mtoto wa jirani, kile ambacho tusingekipika nyumbani.

*Pili, kukausha na kuhifadhi.* Tusirundike mahindi chini kwenye udongo. Tuyaanike juu ya turubai au chanja, na tuyafunike mvua ikinyesha. Kipimo rahisi ni hiki: chukua chupa safi na kavu, tia chumvi iliyokaushwa vizuri na mahindi kidogo, funga, tikisa, acha dakika 15 hivi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Isipoganda, unaweza kuhifadhi. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia, lakini kwa mahindi makavu tu. Ukifunga mahindi mabichi humo umejifungia tatizo. Tuchambue punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi kabla ya kusaga. Kukoboa nako hupunguza sumu, kwa hiyo wanaopenda dona wawe waangalifu zaidi katika kuchambua. Na tusile mahindi peke yake kila siku. Mbaazi zetu za Babati zinasifika hata nje ya nchi, na ziingie pia katika sufuria zetu.

*Tatu, watoto na wajawazito.* Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002, na tangu 2009 imo katika chanjo ya Penta inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kila Jumuiya iwajue watoto wake, na ihakikishe hakuna anayekosa dozi ya tatu kwa sababu mama alikuwa shambani au kijiji ni mbali. Lakini kwa mtoto wa mama mwenye virusi, wiki 6 ni muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mama apimwe homa ya ini B mapema katika ujauzito, na majibu yake yajulikane kabla ya siku ya kujifungua, ili wahudumu wapange kinga ya mtoto na tiba ya mama kama inahitajika. Akina baba, msimwachie mama peke yake kliniki. Mwende wote mkapimwe.

*Nne, watu wazima.* Sisi tuliozaliwa kabla ya 2002 hatukupata chanjo hiyo utotoni. Mtu mzima hupimwa kwanza. Akiwa hana virusi wala kinga, hupewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Dozi moja haitoshi. Tuanze na wahudumu wa afya wa kujitolea, wakunga, wanaoosha maiti na wanaouguza wagonjwa nyumbani, na wenzi wa watu waliokutwa na virusi.

*Tano, damu na maneno.* Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana na wakati wa kujifungua. Wembe mmoja usitumike kwa watu wawili, iwe ni kunyoa, chale, kukata kimeo au tohara. Ukeketaji, ambao sheria ya nchi inaukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18, una hatari hii pia juu ya madhara mengine yote. Lakini virusi havipiti kwa kula sahani moja, kushikana mikono wakati wa amani, kukumbatiana wala kukaa benchi moja. Mama mwenye virusi anaweza kunyonyesha. Tusimtenge mtu. Mtu akijua kwamba akipimwa atatengwa, hatapimwa, na atakuja hospitalini tumbo likiwa limejaa maji.

8. Kwa wafadhili wetu

Wageni wetu wapendwa, mmetusaidia kuchimba visima na kujenga madarasa, vitu ambavyo vinaonekana na vinapigwa picha. Ninachowaomba leo hakina picha nzuri. Ni maturubai ya kukaushia, kifaa cha kupimia unyevu wa nafaka, vipimo vya homa ya ini kwa watu wazima, na dozi tatu kwa kila atakayeanza. Nasisitiza tatu. Mradi utakaolipia dozi ya kwanza ukaisha kabla ya miezi sita utakuwa umefanya kazi nusu. Kama fedha ni kidogo, tuwachanje watu wachache na tuwakamilishe, kuliko kuandika namba kubwa katika taarifa.

Na kwa upande wetu, kamati itoe taarifa kila robo mwaka: waliopimwa ni wangapi, waliomaliza dozi zote tatu ni wangapi, na magunia mangapi yalikataliwa. Majina ya waliokutwa na virusi yabaki kwa mhudumu wa afya peke yake. Hayo si ya kutangazwa kanisani, hata kwa kuombewa, bila ridhaa ya mwenyewe.

Hitimisho

Ndugu zangu, wataalamu wa Kanada, Japani, Ujerumani na China wametumia miaka mingi na fedha nyingi kukuza ini la binadamu ndani ya panya ili wajue adui anaingia wapi. Wametuonyesha kwamba virusi vya homa ya ini B vina mlango mmoja, na kwamba mtoto mchanga ndiye asiye na wa kumfungia. Wametuonyesha pia kwamba anachokistahimili panya ghalani si kipimo cha usalama kwetu. Sehemu iliyobaki haifanyiki maabara. Inafanyika kwenye chanja la kukaushia, kliniki ya wajawazito na mezani kwa kamati hii, mchana huu, tutakapofika kipengele cha bajeti.

Naomba azimio la mahindi ya sadaka liwe la kwanza kupigiwa kura, kwa kuwa halihitaji fedha ya mfadhili yeyote. Linahitaji uamuzi wetu tu.

 Mungu awabariki, ayabariki mavuno yenu, na awalinde watoto wetu.